Kinyundo, Ufunguo na Pini

Mtazame daktari mzoefu wa mishipa ya fahamu anapopima goti. Haanzi kwa kugonga. Hupitisha mkono chini ya magoti yote mawili, akayainua kidogo, huku akimuuliza mgonjwa habari za nyumbani, mpaka miguu ilegee kabisa. Misuli iliyokazwa kwa wasiwasi haitoi jibu la kweli. Ndipo anapokiachia kinyundo cha mpira kianguke kwa uzito wake juu ya kano, chini kidogo ya pia ya goti. Macho yake hayafuati kinyundo. Yako kwenye paja, yanaungojea msuli.

Kano ikivutika, neva hupeleka habari kwenye uti wa mgongo, na amri ya kukaza msuli hurudi papo hapo bila kusubiri ubongo. Ubongo, kwa sehemu kubwa, kazi yake hapa ni kutuliza. Ndiyo maana goti lisiloruka, kwenye paja lililonywea, humfanya daktari ashuku uti wenyewe au neva zinazotoka humo, kama kwa aliyeugua polio. Goti linaloruka kupita kiasi, kwenye mguu uliokakamaa, hutoa habari tofauti: njia inayoshuka kutoka ubongoni imeharibika, na kile kitulizo hakifiki.

Kisha unyayo. Mwaka 1896, mjini Paris, Joseph Babinski alieleza kipimo ambacho hadi leo hakihitaji zaidi ya ncha butu ya ufunguo. Unaipitisha ukingoni mwa unyayo, upande wa nje, kutoka kisigino kwenda mbele, polepole, bila kutekenya. Kwa mtu mzima mwenye afya kidole gumba hujikunja chini. Njia ya ubongo ikiwa na hitilafu, huinuka. Kwa mtoto mchanga kuinuka si ugonjwa, maana njia hiyo bado haijakomaa. Mikono ya haraka hukosa jibu hili. Linalotazamwa ni mwendo wa kwanza kabisa wa kidole, nao ni mdogo.

Thamani ya ustadi huu ilionekana Tarime, mkoani Mara. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu waliokuwa wakila muhogo mchungu ambao haukuondolewa sumu vya kutosha walipooza miguu yote miwili kwa ghafla. Ni konzo, ugonjwa uliokwisha kuelezwa Kongo tangu 1938. Magoti yaliruka mno, miguu ilikakamaa. Baadhi ya wagonjwa wa konzo waliopigwa picha za MRI hawakuonyesha kasoro ubongoni wala kwenye uti. Kinyundo kilionyesha.

Lakini miguu iliyokakamaa si lazima iwe konzo, na hapa ndipo ninapowavulia kofia zaidi madaktari hawa. Daktari huchukua pini, akaanza kuchoma kidogo kidogo kutoka miguuni kupanda tumboni, akiuliza kila mara: unaisikiaje hii? Kwenye konzo mgonjwa huhisi vizuri kote. Ikiwa ganzi inakoma ghafla, tuseme kwenye usawa wa kitovu, basi huenda kuna kitu kinaubana uti juu ya hapo, pengine kifua kikuu cha mgongo, ambacho kina dawa. Mgonjwa huyo haambiwi arudi kliniki mwezi ujao. Anapelekwa hospitali kubwa siku hiyo hiyo.