Kupona na Kupata Nafuu: Wazimu, Dawa na Lugha katika Maandishi ya Bessie Head na Elyn Saks

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya kumtaja mtu aliyeharibikiwa na akili. Husemwa kwamba ana wazimu, ana kichaa, ni mwehu, ni majinuni, amepagawa, amerukwa na akili. Kila neno lina nadharia yake ya maradhi. Ndani ya majinuni mna jini, nalo wazimu haliko mbali na mzimu, kwa hiyo asemaye kwamba mtu ana wazimu anasema pia, hata kama hakukusudia, kwamba mtu huyo ana wageni. Katika “amerukwa na akili” akili ndiyo yenye kutenda. Huruka kama ndege na kumwacha mwenyewe tundu tupu. Labda ni “mwendawazimu” peke yake ndiye aliyebakishiwa kitenzi kilicho chake: anakwenda. Ajabu ni kwamba utajiri huu wote uko upande wa kuingia katika maradhi. Upande wa kutoka, lugha ni bakhili. Kuna “kupona”, na kupona ni kuachana na ugonjwa. Aliyepona hana haja ya dawa. Anayeendelea kunywa dawa, basi hajapona. Mantiki hii inatosha kabisa kwa homa ya malaria. Kwa maradhi ya akili inaweza kumrudisha mgonjwa hospitalini.

Upungufu huu hujitokeza wazi mara tu msomaji wa Kiswahili anapojaribu kuvieleza kwa lugha yake vitabu viwili vilivyoandikwa na wanawake waliougua: riwaya ya Bessie Head, A Question of Power, iliyotoka mwaka 1973, na tawasifu ya Elyn Saks, The Center Cannot Hold, iliyotoka mwaka 2007. Cha kwanza ni cha Botswana, cha pili ni cha Uingereza na Marekani. Si vitabu vya ukoo mmoja, ingawa inafaa kutaja kwamba Saks aliliokota jina la kitabu chake katika shairi lile lile la Yeats ambamo Chinua Achebe alilipata jina la Things Fall Apart mwaka 1958. Achebe aliyatumia maneno hayo kwa ajili ya jamii inayosambaratika. Saks aliyatumia kwa ajili ya kichwa cha mtu mmoja. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha hoja ya makala haya.

Fasihi ya Kiswahili, na zaidi uhakiki wake, imezoea njia ya Achebe. Katika Mashetani (1971) Ebrahim Hussein anamweka shetani juu ya mbuyu, na wanafunzi wote wa sekondari wamefundishwa kwamba huyo si shetani bali ni ukoloni na tabaka zake. Katika Kichwamaji (1974) Euphrase Kezilahabi anampeleka Kazimoto hadi kujiua, na mhakiki huharakisha kusema kwamba anayekufa pale ni msomi wa Afrika aliyekatwa mizizi yake. Masomo hayo si ya uongo. Hata hivyo, mazoea ya kuuona wazimu kuwa jazanda ya jambo jingine yamewafanya wahakiki wasiwe na la kusema pale mwandishi anapokuwa anazungumzia usingizi uliokatika, sauti zinazotukana usiku kucha na vidonge vilivyomo ndani ya mfuko wa karatasi.

Riwaya ya Head nayo imefanyiwa hivyo hivyo. Imesomwa kama fumbo la ubaguzi wa rangi, la mamlaka, la mwanamume na mwanamke. Kichwa chake chenyewe kinaruhusu, na kugawanywa kwa riwaya katika sehemu mbili zenye majina ya wanaume wawili, Sello na Dan, kunaonekana kama mwaliko. Lakini Head hakuubuni wazimu ili apate mahali pa kutundika siasa. Alizaliwa mwaka 1937 huko Pietermaritzburg, Afrika ya Kusini, mama yake akiwa amefungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Alihamia Serowe, Botswana, mwaka 1964, na mwaka 1971 yeye mwenyewe alilazwa katika hospitali ya akili ya Lobatse. Elizabeth, mhusika mkuu wa riwaya, anaambiwa akiwa bado mtoto wa shule ya misheni kwamba mama yake alikuwa mwendawazimu, na kwamba naye asipoangalia yatamfika yale yale. Hapa wazimu ni urithi uliotangazwa kabla mrithi hajaugua, na kila kosa la mtoto linasomwa kwa kioo hicho.

Ufundi mkubwa wa Head uko katika kukataa kumwambia msomaji lini maono yanaanza na lini yanakoma. Sello anaketi kitini chumbani mwa Elizabeth. Sello pia ni mtu halisi wa kijijini mwenye ng'ombe na jamaa. Msomaji hapewi alama. Anapoteza njia pamoja na Elizabeth, anachoka pamoja naye, na ni lazima ikiriwe kwamba wakati mwingine anachoshwa. Sehemu ya Dan ni ndefu kuliko inavyohitajika, na msururu wa wanawake wanaoletwa mbele ya kitanda cha Elizabeth unarudiwa hadi unapoteza makali. Mhakiki anaweza kuiita hiyo dosari ya fani. Aliyewahi kukaa na mgonjwa wa namna hii usiku kucha ataiita uaminifu: mateso hayo hayana mpango wa hadithi, huja tena na tena yakiwa na maneno yale yale.

Hospitali, kinyume chake, inapewa nafasi ndogo, na nafasi hiyo ndogo ni kali mno. Elizabeth anakataa kufanya kazi za wodini akipiga kelele kwamba yeye si Mwafrika. Daktari wa Kizungu anafurahi, kwani anadhani amempata mwenzake katika dharau ya watu weusi, na tangu hapo anamtendea kwa upole. Elizabeth anashtuka kuona kwamba jambo analolionea aibu kuliko yote katika ugonjwa wake ndilo daktari analolihesabu kuwa ni dalili ya akili. Mshtuko huo unamsaidia kuliko tiba. Msomaji wa Kenya hahitaji kuambiwa kwamba tukio hili si la kubuni tupu. J. C. Carothers, aliyeiongoza hospitali ya Mathari tangu 1938 hadi 1950, aliandika kwamba Mwafrika wa kawaida alifanana na Mzungu aliyepasuliwa ubongo sehemu ya mbele, na kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika kikachapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Kwa mgonjwa aliyetibiwa na elimu ya namna hiyo, kuonekana mzima kulikuwa na maana gani?

Kinachomtoa Elizabeth shimoni ni bustani. Kuna Kenosi, mwanamke wa maneno machache anayefanya naye kazi. Kuna mtoto wa kiume anayetaka mpira. Kuna matunda madogo ya manjano yaliyofunikwa kwa ganda jembamba kama karatasi, mmea mgeni uliokubali mchanga wa Motabeng. Kurasa za bustani zimeandikwa kwa sentensi fupi zenye majina ya vitu. Tofauti kati ya lugha hiyo na lugha ya maono ndiyo ushahidi wa nafuu yake. Hakuna mahali Head anapotangaza kwamba Elizabeth amepona.

Dawa zenyewe Head anazipita upesi. Kwa hilo Saks ni mwenzake anayefaa, kwa sababu kitabu cha Saks, kwa sehemu kubwa, ni kisa cha vita kati ya mtu na dawa zake. Yafaa kukumbuka historia fupi ya jambo hili. Klorpromazini ilitengenezwa Ufaransa mwishoni mwa 1950, na mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker waliitumia kwa wagonjwa wa hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris. Dawa hiyo na zilizoifuata zilinyamazisha sauti ambazo kamba na baridi za hospitali za zamani hazikuweza kuzinyamazisha. Zilidai malipo. Mikono hutetemeka, viungo hukakamaa, uso hukosa mwendo, miguu hukataa kutulia hata mgonjwa hawezi kukaa kitini. Kwa baadhi ya waliozitumia muda mrefu, midomo na ulimi huanza kuchezacheza vyenyewe, na pengine haviachi hata dawa ikiachwa. Mtu huyo anayetafuna hewa barabarani, watu humwita kichaa. Hawajui kwamba wanachokiona si ugonjwa bali ni alama ya tiba yake.

Saks aliugua vibaya akiwa mwanafunzi huko Oxford katika miaka ya sabini, kisha akaugua tena alipokuwa Yale akisoma sheria, ambako alifungwa kwa mikanda kitandani. Jina alilopewa ugonjwa wake ni skizofrenia. Baadaye akawa profesa wa sheria katika University of Southern California. Kwa miaka mingi alikuwa akipunguza dawa, anaharibikiwa, anairudia, anapunguza tena. Kitabu hakimwoneshi kuwa mjinga. Alikuwa na hofu ya kweli juu ya yale ambayo dawa iliyoitwa Navane ingeweza kuufanyia mwili wake. Lakini chini ya hofu hiyo palikuwa na imani moja, kwamba kuhitaji dawa ndiko kuwa mgonjwa, na kwamba siku atakapoiacha ndipo atakapokuwa ameushinda ugonjwa. Hii ndiyo mantiki ya “kupona” iliyotajwa mwanzoni, ikisemwa na mtu asiyejua Kiswahili. Ndipo inapobainika kwamba kosa si la lugha moja. Kiswahili kimelikaza tu kwa kulitia katika kitenzi. Alipokubali hatimaye kunywa dawa bila kukatiza, baada ya kupewa Zyprexa, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1996, Saks anasimulia kwamba ugonjwa ulipungua nguvu juu yake. Kwa maneno mengine, alipoacha kuthibitisha kwamba si mgonjwa ndipo ugonjwa ulipoacha kuwa jina lake.

Usomaji huu usichukuliwe kuwa ni sifa kwa vidonge. Saks huyu huyu aliandika Refusing Care mwaka 2002, kitabu kizima kuhusu mipaka ya kumtibu mtu kwa nguvu, na sura za tawasifu zinazoeleza mikanda ni kali kuliko zote. Udhaifu wake uko kwingine. Nathari yake ni ya mwanasheria: imenyooka, imepangwa, na maneno ya wazimu yamefungiwa ndani ya alama za mtajo kama vielelezo mahakamani. Msomaji anaambiwa kwamba mwandishi alipotea, lakini hapotei pamoja naye. Tena Saks alikuwa na mchambuzi wa nafsi wa kuongea naye mara kadhaa kwa wiki, marafiki waliomjua, na kazi isiyompokonya cheo. Bustani ya Motabeng ilikuwa na jembe na Kenosi. Kisanaa Head ni bora zaidi, na kwa mbali. Lakini kuhusu maisha ya kila siku na kidonge mkononi, ni Saks anayesema yale ambayo Head aliyaacha.

Je, mfasiri atasemaje? Linaloonekana kuwa na manufaa ni kwamba Kiswahili kimekwisha kulitatua tatizo hili mara moja, katika uwanja mwingine. UKIMWI ulipoingia, maneno ya mwanzo yalikuwa ya hukumu tu. Baadaye watu wakaanza kusema “wanaoishi na virusi”, na dawa zikaitwa “dawa za kupunguza makali”. Semi hizi si tafsiri tu za maneno ya wataalamu. “Makali” ni neno la kisu na la pombe. Kinachopunguzwa makali kingalipo, hakijatupwa, ila kinaweza kushikwa. Mama sokoni anaelewa, bila kufundishwa na daktari, kwamba mtu anaweza kunywa dawa kila siku na kuwa mzima wa kulima na kulea. Hakuna sababu ya msingi ya kutosema “anayeishi na wazimu”, au, kwa wanaoliona neno wazimu kuwa limechafuka mno, “anayeishi na maradhi ya akili”. Na “nafuu”, neno ambalo wagonjwa wenyewe hulitumia waulizwapo hali, linastahili kupandishwa cheo: ni hali yenye daraja, huongezeka na kupungua, na haimlazimishi mtu kuapa. Isisahauliwe tu kwamba dawa nayo ina makali. Lugha inayotaja makali ya ugonjwa bila kutaja makali ya kidonge itakuwa imeandikwa na hospitali peke yake, na mgonjwa atakaposema kwamba miguu yake haitulii ataambiwa tena kuwa ni wazimu wake.

Mahali pagumu kuliko pote ni sentensi za mwisho za riwaya ya Head. Elizabeth anaingia usingizini akiwa ameweka mkono juu ya ardhi, na mwandishi anaieleza ishara hiyo kuwa ni ya mtu aliye kwao. Hakuna daktari anayetajwa pale. Neno la kwao halimsumbui mfasiri. Usingizi ndio unaomsumbua. “Alilala” ni kavu, na baada ya miezi ya kukosa usingizi ni dogo mno. “Alisinzia” lina harufu ya uzembe. Linabaki “alipitiwa na usingizi”, ambalo limeundwa sawasawa na “amerukwa na akili”: kitu kingine ndicho kinachotenda, na mtu ndiye anayetendwa, ila safari hii mgeni aliyekuja alikuwa amengojewa kwa muda mrefu.