Tatu Moja Ndani ya Bilioni 300

Oktoba 1993 ilizaliwa zaire mpya, pesa ya Kongo ya wakati huo, moja kwa zaire za zamani milioni 3. Tarehe 30 Juni 1998 ikaja faranga ya Kongo, moja kwa zaire mpya 100,000. Zidisha upate kadiri pesa ilivyoporomoka: faranga moja kwa zaire za zamani 300,000,000,000. Kwa aliyekuwa na akiba, namba hiyo ni msiba. Lakini fundi wa kuvunja namba hashtushwi na sifuri. Huuliza imejengwa kwa vipande gani.

Imejengwa kwa mbili 11, tano 11 na tatu moja, zote zimezidishwa pamoja. Basi. Sasa vigawo vyake vinahesabika bila kuandika hata kimoja: mbili inaweza kutokuwepo, au kutokea mara moja, hadi mara 11, yaani njia 12; tano vilevile njia 12; tatu ipo au haipo, njia 2. Jumla ni vigawo 288. Ninaupenda ufundi huu kwa sababu hauhitaji chombo chochote, na jibu lake halibadiliki serikali ikibadilika.

Mkoa wetu wa Kivu Kaskazini una mkono wa kale katika kuhesabu. Mwaka 1950 mwanajiolojia Jean de Heinzelin alichimbua huko Ishango, kando ya Ziwa Edward, mfupa uliochanjwa mistari. Safu yake moja ina makundi ya 11, 13, 17 na 19, ambazo ndizo namba tasa zote kati ya 10 na 20. Kama mchanjaji alilijua hilo, wataalamu wanabishana. Kwangu subira yake yatosha kuheshimiwa.

Njoo sasa Goma, katika mkoa huohuo, kwenye meza za wabadilisha pesa wa Birere. Noti za faranga za 500, 1,000, 5,000, 10,000 na 20,000 zote ni za mbili na tano tupu. Noti 100 za 500 ni bunda la 50,000, mabunda kumi ni 500,000, na vidole vinapanda na kushuka humo bila kubakiza kipande. Tazama fundi wa meza akihesabu bunda huku anamjibu mteja mwingine, uone hesabu iliyokaa mwilini.

Tatu haimo katika noti hizo. Iliingizwa katika ile bilioni 300 na serikali mwaka 1993. Chukua noti ya zaire milioni 5, ambayo wafanyabiashara wa Kinshasa waliikataa mwezi Januari mwaka huohuo na wanajeshi waliolipwa kwayo wakafanya ghasia. Igawe kwa milioni 3: ni 1.666, na sita haziishi. Kwa makuta mapya, mia katika kila zaire mpya, ni 166 na theluthi mbili, na theluthi hizo hapakuwa na pesa ya kuzilipa. Mageuzi ya 1998 yalileta mbili tano na tano tano, hayakuongeza tatu nyingine. Ile ya 1993 iko peke yake, na imo katika vigawo 144 kati ya vile 288.