Mkono wa Mama Msituni

Magharibi ya Bunia, katika msitu wa Mambasa, wanawake Wambuti ni wachoraji tangu zamani. Mwanaume hupondaponda gome la mti mpaka lilainike. Mwanamke hulichora kwa maji ya tunda la gadenia na makaa. Binti hujifunza kwa kumtazama mamaye, na katika elima, sherehe ya msichana kuwa mwanamke, huvaa gome hilo.

Mistari huanza sawasawa, kisha hukatika ghafula, ikiacha nafasi tupu. Mgeni aweza kudhani ni kosa. Sisi twaona ni hiari ya mkono unaojua.

Lakini magome mengi yamo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya bila jina la mchoraji. Kazi yasifiwa, mama hatajwi. Basi, anayenunua leo aulize jina, aliandike.