Wimbo Kama Bidhaa: Muziki wa Kuchangamsha katika Masoko ya Kitahana

Wahakiki wa fasihi yetu wameandika mengi juu ya shairi la hekima, shairi la huzuni na shairi la siasa. Juu ya wimbo wa kuchangamsha, ule ambao mguu huuitikia kabla akili haijatoa idhini, wameandika machache. Wimbo wa namna hiyo huitwa burudani, na neno hilo likishatamkwa mjadala hufungwa. Katika makala hii nakusudia kuonyesha kwamba wimbo wa furaha unastahili mizani kamili ya uhakiki, na kwamba mizani hiyo wananchi wanayo tayari, nayo wanaitumia kila siku ya gulio.

Nitatoa mifano yangu katika nyanda za juu za Kigoma, hususan Kitahana na masoko yaliyotawanyika tangu Kibondo hadi Kasulu. Huko maharage, mahindi, mihogo, ndizi na asali hukutana na dagaa na mawese yaliyopandishwa kutoka pwani ya Ziwa Tanganyika, na vitenge vilivyovuka mipaka. Juu ya vitu hivyo vyote huzagaa sauti ya muziki. Muuza nguo ana spika yake, muuza dawa za mifugo ana yake, na kijana anayeingiza nyimbo katika simu za watu ana kubwa kuliko zote. Mgeni akisikia atasema ni kelele. Mwenyeji anajua kwamba kila spika inanadi, na kwamba wanunuzi wanachagua.

Hebu tumtazame mnunuzi. Mama anayetaka kitenge haridhiki na rangi ya juu. Hukigeuza aone kama rangi imepenya upande wa pili, hukisugua kwa vidole asikie uzi, kisha huuliza swali la tatu ambalo ndilo kubwa: je, kikifuliwa kitabaki kitenge? Mnunuzi wa maharage hutia punje kinywani akaing'ata. Mnunuzi wa asali huitazama inavyodondoka. Hakuna aliyewafundisha watu hawa nadharia, lakini wanafanya kazi ya mhakiki barabara: wanatofautisha sura na kiini, nao wanauliza juu ya kudumu.

Watu hao hao, wakisimama mbele ya wimbo, huuliza maswali yale yale kwa namna nyingine. Kwanza, je, unachezeka? Hapo wanasugua uzi. Pili, je, una neno? Hapo wanageuza upande wa pili. Tatu, je, utadumu? Hapo wanafikiria dobi. Wimbo unaoshinda swali la kwanza pekee hupigwa msimu mmoja, kisha hutupwa kama nguo iliyochuja. Wimbo unaoshinda yote matatu huhamia harusini, na baba humwachia mwana.

Kipimo hiki hakikuanza leo. Watu wa Buha walisafiri mbali kutafuta fedha na vitu. Wakati wa ukoloni wengi wao walikwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, iliwachukua na kuwarudisha. Aliyerudi alileta blanketi, shuka, pengine baiskeli. Naye alileta pia nyimbo za kambini na habari za santuri. Morogoro ndiko baadaye Salum Abdallah alikojenga sifa ya Cuban Marimba mpaka alipofariki mwaka 1965, akiwa amejifunza mengi katika santuri za Kuba zilizouzwa Afrika tangu miaka ya 1930. Upande wa pili lilikuwapo ziwa, na ng'ambo ya ziwa ilikuwapo Kongo pamoja na rumba yake. Hivyo Kigoma ilipokea muziki kwa milango miwili: mmoja wa reli, mmoja wa maji.

Mlango wa tatu ulikuwa redio. Katika Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, watu waliokuwa wakiishi mbalimbali walikusanywa katika vijiji. Mengi yamesemwa juu ya mashamba na maji katika vijiji hivyo. Mimi nataka kuongeza jambo dogo: nyumba zikikaribiana, redio ya mtu mmoja huwa ya majirani kumi. Muziki wa bendi za taifa, uliorekodiwa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, ulisikika pamoja, ukajadiliwa pamoja. Wakati huo NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964 na baadaye kuitwa JUWATA, ilikuwa na Msondo wake. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ilikuja na Sikinde, jina lililotwaliwa katika ngoma ya Wazaramo. Na Tabora Jazz ilikuwa na Shem Ibrahim Karenga, mzaliwa wa Kigoma, ambaye wimbo wake "Dada Asha" ulivuka mikoa yote.

Kisha ikaja miaka ya uhaba. Baada ya Vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979, sabuni, sukari, nguo na betri viliadimika nchini, na mwaka 1983 serikali iliendesha kampeni dhidi ya wahujumu uchumi. Kijijini betri ziliwekwa juani ili zirudishe nguvu kidogo. Katika hali hiyo kufungua redio kulikuwa kutumia mali. Watu walifungua kwa taarifa ya habari, kwa salamu, na kwa wimbo fulani ambao kila mmoja aliujua; ukiisha, redio ilizimwa. Betri ilikuwa mhakiki mkali, maana ilimlazimisha mtu aseme kwa vitendo ni wimbo upi unaostahili gharama. Na ajabu ni kwamba, pamoja na dhiki ile, nyimbo zilizopewa betri mara nyingi zilikuwa za kuchangamsha. Mwenye njaa hakutaka kukumbushwa njaa tu. Alitaka kukumbushwa kwamba angali mtu mwenye kiuno na kicheko.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba uchangamfu wa nyimbo zile ulikuwa mtupu. Wimbo wa dansi ulijengwa kwa sehemu mbili. Sehemu ya kwanza hutulia, ikasimulia kisa cha ndoa, deni, safari au usaliti. Sehemu ya pili huchemka: magitaa hukimbizana, tarumbeta huitikia, na mchezaji hujiachia. Siri iko katika mpangilio huo. Mchezaji anapofika penye mchemko, tayari amebebeshwa neno. Anacheza nalo mwilini. Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu nchini Kongo na kuja Dar es Salaam mwaka 1978, aliijua siri hiyo kuliko wengi. Katika "Muziki Asili Yake Wapi" alimfanya mchezaji atafakari chanzo cha muziki wenyewe huku akiyumba. Katika "Mambo kwa Soksi", janga la UKIMWI lilipokuwa limekwisha kuingia majumbani, alihimiza matumizi ya kondomu kwa mdundo wa kuchezeka. Redio ya taifa ilikataa kuupiga wimbo huo, lakini watu waliusikia na kuuimba. Nani basi atasema kwamba furaha haiwezi kubeba mzigo mzito?

Sasa tuutazame wimbo unaouzwa leo. Kijana mwenye kompyuta gulioni huingiza nyimbo katika memori ya simu kwa malipo madogo, makumi ya nyimbo kwa mkupuo. Humo mna Bongo Fleva, mna singeli iliyotoka katika mitaa ya Dar es Salaam, mna nyimbo za Injili, za Burundi na za Kongo. Wingi huo ni neema. Betri haimbani tena mtu kuchagua, kwa kuwa simu huchajiwa kwa umeme wa jua. Lakini kile kilichokuwa kigumu kikiwa rahisi, hukumu nayo hulegea. Mnunuzi ambaye angegeuza kitenge mara tatu hupokea nyimbo hamsini bila kugeuza hata mmoja.

Nimezisikiliza nyingi kwa makini. Katika mdundo, nakiri bila kinyongo kwamba vijana wetu ni mafundi. Udhaifu uko katika neno. Nyimbo nyingi za furaha za leo zinataja bidhaa: simu ya bei kubwa, gari, mvinyo, viatu vyenye jina. Mtu hafurahi katika nyimbo hizo kwa sababu amevuna, ameoa, amepona au amerudi nyumbani. Anafurahi kwa sababu amenunua, ama kwa sababu anatazamwa akiwa amenunua. Hapo wimbo umeacha kuwa bidhaa njema ukawa tangazo la bidhaa nyingine. Mkulima wa Kitahana anaimba furaha ya duka ambalo hatalifikia. Hali hiyo niliwahi kuieleza kwa beti moja:

Sokoni nimesimama, wimbo ninausikia,
Mdundo wake ni mwema, miguu yaniambia,
Neno nikalitazama, ndani sikuambulia,
Wimbo usio na nyama, njaa utaniachia.

Wako watakaojibu kwamba msikilizaji si mjinga. Anacheza bila kuamini. Ni kweli. Mara nyingi nimeona wazee wakicheka maneno huku wakitikisa mabega. Lakini swali langu ni jingine: ikiwa neno la wimbo si la kuaminiwa, mtu huyu atapata wapi wimbo wa kuisemea furaha yake mwenyewe?

Hapa ndipo penye jambo lenye uzito. Kiha kina nyimbo zake za kuchangamsha: za harusi, za kulima kwa pamoja, za pombe ya mavuno, za kumkaribisha mtoto. Nyimbo hizo hazimo katika memori ya kijana wa gulioni. Zimebaki vinywani mwa wanawake na wazee. Matokeo yake ni kwamba mtoto anayekua huanza kudhani kuwa lugha ya nyumbani ni ya jembe na matanga, na furaha ni kitu cha kununuliwa kutoka nje. Jamii inayofikia hatua ya kuagiza hata kicheko chake imepoteza zaidi ya ngoma.

Simaanishi kwamba tufunge milango. Buha haijapata kuwa nchi ya kujifungia. Chumvi ya Uvinza ilichemshwa kwa zaidi ya miaka elfu moja, na katika karne ya 19 ilisafiri mbali, kuvuka mito na ziwa, ikibadilishwa kwa vitu vya watu wengine. Tazama basi tofauti. Mababu walinunua vya wageni, lakini walikwenda sokoni na chao. Katika muziki sisi twaenda mikono mitupu. Majirani zetu hawakufanya hivyo. Ngoma ya kifalme ya Burundi iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014, na rumba ya Kongo mwaka 2021. Sisi tuko katikati ya hao wawili.

Kwamba jambo linawezekana tumeliona. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma, wakijiita Kigoma All Stars, walitoa wimbo "Leka Dutigite", wenye jina la Kiha. Ulikuwa wimbo wa kuchangamsha kabisa, wenye mitindo ya kisasa, na nchi nzima ililitamka jina hilo la Kiha bila kuona haya. Naupima kwa mizani ile ile. Unachezeka, na hilo halina ubishi. Neno unalo, nalo ni fahari ya kwao. Juu ya kudumu, thamani yake kubwa ni kwamba ulifungua mlango. Lakini wimbo mmoja wa jukwaani hauwezi kufanya kazi ya nyimbo mia za harusini, wala haukupaswa kuachwa peke yake.

Nini basi kifanyike? Nasema kama mtumishi wa umma anayejua kwamba mafungu ni haba. Kila halmashauri ina mtu aliyekabidhiwa shughuli za utamaduni. Kazi yake ya kwanza na iwe kurekodi nyimbo za furaha za kata zake, pamoja na majina ya waimbaji, mahali na tarehe. Simu njema inatosha kuanzia. Kazi ya pili ni kuzipeleka nyimbo hizo katika redio zinazosikika wilayani, na kwa vijana wanaoingiza nyimbo gulioni, kwa makubaliano yanayomlipa mwimbaji. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haimtambui mwanamuziki wa Dar es Salaam pekee. Mwimbaji wa Kitahana naye ni mwenye mali. Kazi ya tatu ni yetu waandishi: tuache kuliona neno burudani kuwa hukumu ya mwisho, tuuhakiki wimbo wa furaha kwa heshima na ukali uleule tunaoupa utenzi.

Na mnunuzi naye ana kazi yake. Asikubali kuuziwa wimbo kwa urahisi kuliko anavyouziwa kitenge. Augeuze, ausugue, aulize kama utafulika. Muuzaji hufuata jicho la mnunuzi, na mtunzi hufuata sikio la msikilizaji. Siku ambayo mama wa Kibondo atasema gulioni, "Huu hauna uzi, nipe mwingine, na uwe wa kwetu," siku hiyo kijana mwenye spika atatoka kwenda kuutafuta, naye hatakwenda mbali.