Kuipa Injini Ndogo Jina la Kweli

Kubadili jina na namba ya kielelezo cha injini ya mvuke ni kazi ya mtunza kumbukumbu, ingawa hufanywa kwa kijiti cha pamba na brashi nyembamba. Namba ya kiwandani hulainishwa kwa kiyeyusho na kusuguliwa polepole; ukizidisha, rangi ya chini nayo inabanduka. Namba mpya, zilizochapwa juu ya utando, hulowekwa majini na kutelezeshwa mahali pake, tarakimu moja moja. Hufuata sahani za jina, kisha vanishi ya kuficha kingo za utando.

Lakini ugumu hasa uko kwenye ushahidi. Chukua injini za A4 za Uingereza. Mallard ilikuwa namba 4468 ilipofikia maili 126 kwa saa mwaka 1938. Ikawa 22 mwaka 1946, kisha 60022. Ilitoka kiwandani na bomba pacha la moshi, ilhali Sir Nigel Gresley, 4498, ilipewa lake mwaka 1957. Anayeigeuza ya kwanza kuwa ya pili kama ilivyokuwa 1938 hana budi kubadili na bomba. Vifuniko vya magurudumu navyo viliondolewa wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Wapo wasemao: nani ataona, kwenye kitu kilichopunguzwa mara 76? Hoja hiyo inasahau kwamba kati ya A4 35 zilizojengwa, zimebaki sita. Nyingine twaweza kuzizunguka katika vielelezo tu, na namba ya mwaka mmoja juu ya umbo la mwaka mwingine inaonyesha injini ambayo haikuwahi kuwepo.