Majina Manne ya Uongo

Hadithi ya upelelezi hutaka washukiwa. Mwandishi hukusanya watu sita au saba nyumba moja, kila mmoja akiwa na sababu ya kuua, kisha anakuzungusha. Waigizaji wakiwa wawili tu, utamficha nani?

Anthony Shaffer alijitia katika shida hiyo makusudi alipoandika tamthilia ya Sleuth, iliyopanda jukwaani London mwaka 1970. Miaka miwili baadaye Joseph L. Mankiewicz akaifanya filamu, nayo ikawa ya mwisho kwake kuongoza. Laurence Olivier ni Andrew Wyke, mtunzi mashuhuri wa riwaya za mauaji. Anamwita nyumbani Milo Tindle, yaani Michael Caine, mwenye saluni anayetembea na mke wa Wyke, na kumshawishi ajifanye mwizi wa vito ili yeye Wyke alipwe bima. Milo anavishwa maleba ya klauni wa sarakasi, viatu vikubwa miguuni, na kupandishwa ngazi usiku. Unacheka. Mara bastola inatolewa, na mavazi yale yale yaliyokuchekesha sasa yanakutia baridi. Anayelia pale kwenye ngazi, akiomba asiuawe, bado amevaa kama klauni.

Ambaye hajaiona filamu aachie hapa.

Siku mbili baadaye anaingia Inspekta Doppler: mzee mzito, masharubu, lafudhi ya mashambani, anauliza Milo yuko wapi. Doppler ni Milo mwenyewe. Kwenye ukumbi wa tamthilia hila hii ina nafuu, maana mtazamaji yuko mbali na taa zinasaidia. Kamera haina huruma; inamsogelea mtu mpaka vinyweleo vionekane. Kwa hiyo Mankiewicz hakutegemea gundi na masharubu peke yake. Alianza kudanganya mapema zaidi, kwenye orodha ya waigizaji mwanzoni mwa filamu, kama tamthilia ilivyofanya katika kijitabu chake. Doppler ameandikiwa Alec Cawthorne. Hakuna mwigizaji huyo. Wala hakuna John Matthews na Teddy Martin, waliotajwa kuwa askari, wala Eve Channing, mke wa Wyke, ambaye tunamwona kwenye picha tu. (Jina hilo la mwisho ni utani wa mwongozaji kwa filamu yake ya zamani, All About Eve.)

Nani hushuku orodha ya majina? Tunaisoma kama tunavyosoma risiti. Tukishaambiwa waigizaji ni sita, Doppler anapobisha hodi tunaona mtu wa tatu kafika, basi.

Kwangu, onyesho la Doppler ni refu mno. Mara mbili tatu sauti ya Caine inachungulia, na aliyeizoea atamnasa. Lakini hata huyo hajaimaliza orodha. Baadaye Milo anamwambia Wyke kwamba polisi wako njiani, kisha anasimama mlangoni akizungumza nao, akiigiza sauti zao mwenyewe. Aliyegundua uongo wa jina la kwanza bado anaweza kuwasubiri hawa wawili. Hila moja imelipa mara mbili, na gharama yake ni wino.

Kuhusu umati, Mankiewicz aliujaza kwa wanasesere wa mitambo waliotapakaa katika nyumba aliyoibuni Ken Adam, fundi wa majumba ya filamu za James Bond. Mazungumzo yakirefuka, kamera inahamia kwenye nyuso zao za rangi, hasa baharia mmoja anayecheka Wyke akibonyeza kitufe. Ndio watazamaji wa ndani ya filamu, na hawahitaji mshahara.

Mwishoni Wyke anampiga Milo risasi ya kweli. Milo, akifa, anakibonyeza kitufe. Baharia anacheka, wanasesere wote wanaanza kucheza, na safari hii mlango unagongwa na polisi wa kweli. Hatuwaoni. Pazia linashuka kabla mlango haujafunguliwa, maana wa kuwaigiza hawakuwapo.