Farasi Aliyeambiwa Achague

The Man Who Listens to Horses cha Monty Roberts, kilichotoka 1996, kinasimuliwa vizuri mno, na hapo ndipo shaka yangu inapoanzia. Mvulana wa California anakua chini ya baba mkali mfunza farasi, anakwenda nyika za Nevada kuwatazama farasi wa mwituni, anaisoma lugha ya miili yao, na mwaka 1989 anaionyesha mbele ya Malkia Elizabeth II huko Windsor. Ukikianza jioni hulali.

Mbinu yenyewe ni hii: farasi anaingizwa kwenye zizi la duara na kufukuzwa kwa kurushiwa kamba, mpaka atege sikio, alambe midomo, ainamishe kichwa. Hapo Roberts anampa mgongo, na farasi anamfuata. Eti farasi kaamua mwenyewe.

Uamuzi gani, jamani? Zizi limefungwa. Ama akimbie mpaka achoke, ama amjie huyohuyo anayemkimbiza. Kweli, kiboko hakipo, na ukimkumbuka yule baba, hilo si jambo dogo. Lakini zawadi anayopata farasi ni kuachwa kusumbuliwa, basi. Mimi kazi yangu ni kuhoji watu. Anayesema ndiyo huku mlango umefungwa siwezi kumwandika kwamba amekubali.

Kisome pamoja na Don't Shoot the Dog cha Karen Pryor, cha 1984. Pryor alifundisha pomboo Hawaii, na pomboo huwezi kumtia lijamu. Akichukia anaogelea zake upande wa pili. Ndiyo maana alitumia filimbi na samaki: filimbi inasema "hapo umepatia", samaki analipa. Wafunza farasi walioifuata njia hiyo wanatumia kidude kinacholia tik, na karoti. Kitabu hakina shujaa, na kina hadi jedwali la kumkomesha mwenzako wa chumba anayetupa nguo chafu ovyo. Nilicheka. Ila humo mwanafunzi anaweza kugoma, na akigoma ni mwalimu anayejiuliza amekosea wapi.

Huko Norway, watafiti walichapisha mwaka 2016 jaribio la farasi 23 waliofundishwa kwa zawadi kugusa mbao kwa pua. Ubao wa mstari wa kulala: nivisheni blanketi. Mstari wa wima: nivueni. Ubao mtupu: niacheni nilivyo. Huo mtupu ndio ninaoukosa kwenye zizi la Roberts.

Tumtendee haki lakini. Katika Shy Boy, kitabu chake cha 1999, Roberts anamrudisha farasi aliyemfuga kwa kundi lake la mwituni, nyika wazi, hakuna ukuta. Sasa hapo msomaji unabana pumzi kweli, maana farasi anaweza asirudi. Kesho yake asubuhi anarudi. Kama muda wako unatosha kitabu kimoja tu cha Roberts, soma hicho, ukiache kile maarufu.